Farasi Hana Rangi, Tufungulieni Njia

Wasee, wacha niseme mapema ndio tusipotezeane bando. Kama komenti yako ilikuwa "sasa mnajifanya wazungu," hii posti ni yako. Isome yote, halafu urudi tubishane.

Niliweka vidio ya dakika moja tu. Mimi na mabeshte zangu watano, wengine wa Embu, wengine wa Meru, tukipanda farasi upande wa Timau, Mlima Kenya uko nyuma yetu. Nilidhani mtaniuliza bei. Wapi! "Wajukuu wa Mau Mau wamegeuka masetla." "Huyu si aliacha chuo? Angepanda mathree arudi darasani." Hiyo ya pili ilinichekesha. Ndiyo, niliacha chuo mwaka wa pili, na mpaka leo sijapatana na farasi anayeuliza transkripti kabla hujapanda.

Hiyo ya kwanza ndiyo imenifanya niandike, kwa sababu wengi wenu mnaiamini kabisa. Mnaamini farasi alikuja Afrika na meli ya mzungu.

Toka Meru, shuka Isiolo, fuata lami hadi Moyale, vuka mpaka. Umeingia nchi yenye farasi wengi kuliko nchi nyingine yoyote Afrika. Ethiopia mfalme alikuwa anaitwa kwa jina la farasi wake: Tewodros alikuwa Abba Tatek, Menelik akawa Abba Dagnew. Enda Lesotho uone mchungaji amejifunika blanketi, yuko juu ya farasi mlimani, anatafuta kondoo, na hakuna anayemwambia anajifanya. Kano, Nigeria, wana Durbar, sherehe ya wapanda farasi, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka wa 2024 kama urithi wa binadamu. Hapa kwetu, Salme, binti wa Sultani Said aliyezaliwa Zanzibar mwaka wa 1844, aliandika jinsi alivyofundishwa kupanda wanyama akiwa mtoto. Na Waswahili walipotaka kukuonya kuhusu tamaa walisema nini? Mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Watu hawatungi methali kuhusu mnyama wasiyemjua.

Sasa utaniuliza, mbona babu yangu wa Embu hakuwa na farasi? Swali zuri. Magonjwa. Kuna virusi vinavyoua farasi vibaya sana, vinasambazwa na visubi, wale wadudu wadogo wanaouma jioni. Pundamilia anaweza kubeba virusi hivyo bila hata kukohoa. Huko chini kwenye joto kulikuwa pia na mbung'o na ugonjwa wa nagana. Farasi angeishi vipi? Mahali alipokuwa na nafasi ni juu, kwenye baridi, ambako wadudu hao ni wachache.

Na huko juu ndiko kulikotengwa. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mwaka wa 1919, serikali ya kikoloni ilianza mpango wa kuwagawia wanajeshi wazungu mashamba, na nyanda za Nanyuki na Timau ziliingia kwenye ramani ya masetla. Mwafrika aliruhusiwa huko kama kibarua, kipande kikining'inia shingoni. Kwa hivyo ile picha iliyo kichwani mwako, mzungu juu ya farasi na mtu mweusi ameshika hatamu chini, haikutoka kwa farasi. Ilitoka kwa hatimiliki. Waliochukua nyasi ndio waliopanda. Ukiniambia leo nishuke kwa sababu farasi ni "mambo yao," unalinda mpaka waliouchora wao, na hata hawakulipi kazi hiyo.

Wacha niwaambie siku yenyewe ilikuwaje, maana vidio haikuonyesha kila kitu.

Tulitoka Embu saa kumi na nusu usiku, tukapita Runyenjes, Chuka, Nkubu, tukachukua wenzetu Makutano pale Meru. Safari nzima ni ule ubishi wa kila siku, miraa na muguka kipi ni kipi. Kufika Subuiga baridi ilishanyamazisha kila mtu. Mahali pa kwanza tulipopiga simu walikuwa wametutajia bei kwa dola. Tulipofika langoni kuomba bei ya shilingi, tukaulizwa ni nani ametutuma. Sisi sita, tumevaa vizuri, mchana kweupe, kwenye kaunti yetu. Tukageuka. Tukapata shamba dogo lenye farasi wachache, elfu tatu kila mtu kwa saa mbili, helmeti ndani ya bei.

Saisi aliyetupokea ni mzee wa hapo hapo, miaka kumi na tisa kwenye kazi hiyo. Hakutupandisha haraka. Alitufundisha kwanza kumkaribia farasi kutoka ubavuni ili atuone, kumpanda kutoka kushoto, kuweka ncha ya mguu tu kwenye kikuku ndio ukianguka usiburutwe. Beshte yangu mmoja akaanza kuvuta hatamu kama breki ya bodaboda. Mzee akamwambia, "Kijana, hiyo chuma iko mdomoni mwake. Wewe ungependa?" Kimya.

Tulipanda polepole kando ya mashamba ya ngano, tukashika njia ya msituni, mlima ukatokea wote, theluji kidogo kileleni. Juu ya farasi unaona mbali, na wanyama hawakukimbii kama ukiwa kwa miguu, kwa sababu wanaona mnyama mwenzao. Hiyo ndiyo sababu wageni wanasafiri kutoka mbali kuja kupanda farasi Lewa, hapo hapo Meru, kati ya twiga na vifaru. Lewa ilikuwa ranchi ya ng'ombe, ikawa hifadhi mwaka wa 1995, na mwaka wa 2013 UNESCO ikaiunganisha na urithi wa dunia wa Mlima Kenya. Dunia nzima inajua tuko na nini. Sisi ndio tunaambiana ni kujifanya.

Kisha tukapita karibu na ua la shule. Watoto wakakimbia hadi kwenye waya, wanapunga mikono, wanapiga kelele: "Mzungu! Hawayuu!" Nikaangalia nyuma nione huyo mzungu. Hakukuwa na mtu. Walikuwa wanaambia sisi. Sura zetu walikuwa wanaziona vizuri, lakini kwao mtu aliye juu ya farasi ana jina moja tu. Nikamuuliza mzee kama watoto wake wamewahi kupanda. Akasema, "Hawa farasi ni wa wageni. Mimi nawapanda nikiwafanyisha mazoezi tu." Miaka kumi na tisa.

Hilo ndilo linalonikera. Saisi anajua farasi kuliko tajiri yeyote anayempanda. Anajua yupi anaogopa karatasi ya plastiki, yupi ana mguu wa nyuma unaouma. Majoki wengi unaowaona Ngong Racecourse ni Wakenya weusi. Ujuzi uko kwetu. Kilichobaki kwa wengine ni kufurahia, na hata hicho tunawaachia kwa hiari, tukiogopa komenti.

"Lakini elfu tatu ni pesa nyingi." Ni nyingi, sikatai. Kuna mtu hiyo ni mshahara wa wiki. Ila wewe unayeandika hivyo nakujua, Jumamosi ulikuwa klabu, na hiyo pesa iliisha kabla didjei hajapasha moto. Wewe huna tatizo la bei. Unaamini raha ya mtu kama sisi lazima iwe kwenye giza na kelele, na mlima ni wa wageni.

Na nyinyi makrieta wenzangu, msishangilie, zamu yenu imefika. Naona vidio zenu. Mmesimama juu ya matandiko mkicheza. Mmempiga farasi mateke aende shoti ndio nywele zipepee. Wawili juu ya mgongo mmoja. Farasi anafaa kubeba kama sehemu moja kwa tano ya uzito wake, si mbogi nzima. Anakunywa zaidi ya lita ishirini za maji kwa siku, na yule unayempiga picha pale kwenye bustani au ufuoni amesimama juani tangu asubuhi. Farasi hawezi kutapika. Ukimlisha chipsi na keki ndio upate laiki, tumbo linaweza kumuua. Kama huna heshima ya kumuuliza saisi ruhusa, piga picha na bodaboda.

Halafu kuna ndugu yake. Punda wanaobeba maji Mbeere, wanaochapwa kila siku, hakuna anayewaandikia komenti. Kuanzia 2016 nchi hii ilifungua vichinjio vya punda, ngozi ikaenda China, punda wakaibwa usiku hadi akina mama wakarudi kubeba mitungi mgongoni, ndipo serikali ikapiga marufuku mwaka wa 2020. Huwezi kucheka farasi asubuhi na kuchapa punda jioni, halafu ujiite mtetezi wa utamaduni.

Nataka nini? Mambo matatu. Kaunti za Meru na Embu zikae na Huduma ya Misitu na vyama vya jamii vya msitu, watenge njia za farasi, na mapato yagawiwe wanaoishi kando ya msitu. Kila shamba linalokodisha farasi liandike bei ya mwenyeji, kwa shilingi, langoni, mtu asiulizwe ametumwa na nani. Na mara moja kwa muhula, watoto wa masaisi na wa shule za jirani wapande bure, mzazi wao akiwa mwalimu.

Kwa wanaosema tumekuwa masetla: setla alifunga njia. Mimi naomba ifunguliwe. Kama bado huoni tofauti, andika komenti yako hapo chini. Lakini kwanza uniambie, yule mtoto kwenye waya, akimwona dadake mkubwa juu ya farasi, unataka amwite nani?