Siri ya Dola na Siri ya Mwizi

Siri ni stara. Nyumba isiyo na siri ni uwanja, na dola isiyo na siri ni ngome iliyoachwa wazi malango yake. Hapana mwenye akili timamu atakaye mipango ya jeshi itangazwe sokoni. Walakini stara ina mpaka wake: nguo hufunika mwili, lakini haifai kufunika donda mpaka likaoza. Sheria isiyopambanua siri ya taifa na siri ya mwizi humlinda mwizi kwa jina la taifa.

Ushahidi u karibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 David Munyakei alikuwa karani wa Benki Kuu ya Kenya. Mikononi mwake zilipita karatasi za malipo ya kampuni ya Goldenberg International, iliyoahidiwa fidia ya asilimia 35 kwa dhahabu na almasi iliyodai kuuza nchi za nje. Kenya haikuwa na machimbo ya almasi, na dhahabu yake ilikuwa haba. Munyakei aliwapa wabunge wa upinzani nakala za karatasi hizo, na mwaka 1993 jambo likasemwa Bungeni na kuenea magazetini.

Serikali ya haki ingaliuliza: Fedha zimekwenda wapi? Serikali ile iliuliza: Nani amesema? Munyakei alikamatwa, akashtakiwa kwa sheria ya siri za serikali. Hakutiwa hatiani, lakini kazi aliipoteza, akahamia Mombasa kuanza maisha mapya. Tume ya Jaji Bosire, iliyoundwa mwaka 2003, ilimsikiliza. Mwaka 2004 alipewa tuzo ya uadilifu na Transparency International. Mwaka 2006 alifariki dunia katika ufukara. Tuzo ni heshima, lakini heshima haipiki chungu.

Watetezi wa sheria za siri husema kwamba karani ameapa, na kwamba kila karani akijipa uamuzi, ofisi zitageuka magenge. Hoja hii ina uzito. Lakini kiapo cha mtumishi ni kwa nchi kabla ya kuwa kwa mkubwa wake, na hapana atakaye karani awe mwamuzi wa mwisho. Latakiwa jambo moja: hakimu aruhusiwe kupima faida ya umma na madhara yake, na serikali inayodai kudhurika ithibitishe dhara hilo. Sheria itazamayo tu kwamba karatasi imetoka, bila kutazama kilichoandikwa ndani yake, ni mizani yenye sahani moja.

Hapana budi kukiri kwamba hatua zimepigwa. Uganda ilitunga sheria ya kuwalinda watoboa siri mwaka 2010, na Tanzania mwaka 2015. Kenya, katika Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, ilikataza mtu kuadhibiwa kwa kutoa habari yenye manufaa kwa umma. Lakini sheria za Uganda na Tanzania humlinda apelekaye habari kwa mamlaka zilizotajwa. Akiipeleka gazetini, ulinzi humwacha njiani. Je, ikiwa mamlaka yenyewe ndiyo yenye donda? Malipo ya Goldenberg yalipita katika Benki Kuu yenyewe. Kumwambia karani akashtaki kwa wakubwa wake ni kumwambia kuku akashtaki kwa mwewe.

Kwa hivyo ulinzi usiofika gazetini ni nusu ya ulinzi. Mtoboa siri asiye na gazeti hupiga kelele ndani ya kisima. Gazeti lisilo na mtoboa siri ni mbiu isiyo na habari. Mwandishi akilazimishwa kumtaja aliyempa habari, haina haja serikali kulifunga gazeti: litajifunga lenyewe, kwa kuwa mlango wake hautabishwa tena.

Mficha maradhi, kifo humfichua. Dola imfungayo aitajaye maradhi yake haijapona. Imemfukuza mganga tu. Na katika ofisi fulani yawezekana yupo karani mwingine, ameshika karatasi ambayo moyo wake unaikataa. Mashairi ya kumsifu baada ya mauti hayatamtia ushujaa. Atautia sheria itakayomwacha aseme kweli, kisha arudi kazini kesho yake asubuhi.