Trekta Lililosimama Nalo Hula

Wakulima wenzangu, wengi wetu hudhani ya kuwa trekta likisimama chini ya mti halili kitu. Ng'ombe hata asipokamuliwa hula majani, jambo hili kila mtu analijua. Lakini trekta, watu husema, lisipotembea halinywi mafuta, basi hasara iko wapi? Maoni yangu ni kwamba hasara iko pale pale liliposimama, na yafaa tuitazame kwa hesabu kabla ya msimu mwingine kufika.

Skimu zetu nyingi zilianza mwaka 1962, katika Mpango wa Ekari Milioni, ambapo jamaa karibu 35,000 walipewa makao katika mashamba makubwa ya walowezi huko Kinangop, Ol Kalou, Lugari, Sotik na kwingineko. Shamba lililokuwa la mtu mmoja likakatwa vipande vingi, na tangu hapo vipande hivyo vimekatwa tena kwa ajili ya watoto na wajukuu. Lakini trekta halikukatwa. Mashine iliyoundwa kulima mamia ya ekari inanunuliwa na mtu mwenye ekari chache, au na majirani watano waliochanga fedha.

Natufanye hesabu kidogo. Tuseme majirani hao wana ekari 20 kwa jumla. Kwa trekta zima lenye plau nzuri, hiyo ni kazi ya siku nne hivi. Siku 361 zinazobaki trekta limesimama. Katika siku hizo betri inakufa, mipira inapasuka kwa jua, panya wanatafuna nyaya, kutu inaingia katika klachi, na thamani yake inapungua. Tuseme, kwa mfano tu, gharama hizo pamoja na bima na oili ni shilingi 60,000 kwa mwaka. Basi kila ekari imekwisha kudaiwa shilingi 3,000 kabla ya kununuliwa tone moja la dizeli na kabla ya dereva kulipwa. Trekta hilo hilo likilima ekari 200, deni la kila ekari ni shilingi 300. Ni kweli kazi nyingi huongeza matengenezo, lakini kazi hiyo huleta fedha za kuyalipia. Kusimama hakuleti hata senti moja.

Adui mkubwa wa trekta lililosimama ni maji ndani ya mafuta. Mtu atauliza, maji yameingiaje, na kifuniko kimefungwa? Tangi likiwa nusu, nafasi iliyobaki imejaa hewa. Mchana hewa hupata joto, usiku hupoa, na unyevu uliomo hugeuka matone katika kuta za tangi, hasa sehemu zetu za milimani ambako usiku ni baridi. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hushuka chini na kukaa. Hapo huzaa kutu, na vijidudu huota kati ya maji na mafuta, vikafanya ute mweusi. Siku ya kuwasha injini, uchafu huo wote huvutwa kwenye chujio, na ukipita hapo huingia katika pampu na nozeli. Vyombo hivyo vimetengenezwa kwa vipimo vidogo mno, na bei yake ni kubwa.

Nalijua kundi moja la majirani, jina lao silitaji, ambalo trekta lao lilikataa kuwaka mvua za mwezi wa tatu zilipoanza. Fundi akaifungua pampu, akalipwa. Trekta likatembea siku mbili, likazima. Wakachanga tena, wengine walitoa karo ya watoto. Fundi wa pili hakugusa pampu kwanza, bali alifungua koki iliyo chini ya tangi, na yakatoka maji na ute mweusi. Fedha za kwanza zilikuwa zimetengeneza pampu ili ipelekewe uchafu ule ule. Wakati huo majirani wao walikuwa wamekwisha kupanda. Majaribio yaliyofanywa Kitale katika miaka ya 1960 yalionyesha wazi ya kuwa mahindi yanayopandwa mwanzo wa mvua huzaa kupita yanayochelewa. Kwa hiyo watu hawa walilipa mara tatu: mara mbili kwa mafundi, na mara ya tatu ghalani.

Jambo lingine ni mafuta ya taa. Wazee wanakumbuka ya kuwa katika miaka ya 1950 yalikuwako matrekta yaliyoundwa kuchoma mafuta ya namna hiyo. Lakini injini ya dizeli ni nyingine kabisa. Pampu yake hulainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa hayana ulaini huo. Uchanganyaji ulizidi hata Serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuuzuia. Basi dizeli ya rahisi katika jerikeni kando ya barabara yaweza kuwa ghali kuliko zote.

Wako watakaonijibu, "Trekta la kukodi huchelewa. Nataka langu liwe tayari siku mvua inaponyesha." Neno hilo lina haki, maana aliyengoja zamu hadi mwezi wa tano anajua uchungu wake. Lakini trekta lisilotunzwa nalo huchelewa, tena mwenyewe huku analigharimia. Anayekodi aagane mapema, kwa maandishi, na alime mara baada ya kuvuna, kabla ya msongamano.

Kwa hiyo shauri langu ni hili. Kundi lenye trekta likae kitako sasa na kuandika ekari zilizolimwa mwaka uliopita na kila shilingi iliyotumika. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kisha mgawanye shilingi kwa ekari na kulinganisha na bei ya kukodi. Kama trekta lenu ni ghali kuliko la kukodi, litafutieni kazi kwa majirani kwa malipo, kulima, kuvuta trela au kupukuchua mahindi. Kazi ikikosekana, liuzeni lingali zima, wala msione haya. Trekta si pambo la boma.

Mkiamua kuliweka, lijazeni tangi hadi juu kila jioni ya kazi. Toeni maji chini ya tangi kabla ya kuwasha. Pipa la dizeli lilazwe kwa kuinama, litulie siku nzima, na mafuta ya chini kabisa yasichotwe. Badilisheni oili kila mwaka hata kama saa za kazi hazijatimia. Liwasheni kila baada ya majuma mawili, mkalitembeze mpaka injini ipate moto sawasawa, kwa maana kuwasha dakika moja na kuzima huimaliza betri bure. Likiwekwa kwa miezi mingi, fungueni waya wa betri, fungeni pedali ya klachi ikiwa imekanyagwa, na liwe chini ya paa.

Kazi hizo zote hazigharimu hata nusu ya pampu moja. Mvua haitangoja fundi.