Mchaichai hauna kosa, kosa letu

Niko Kengeja, fildi ya ualimu, na leo nina hasira kidogo.

Jana barazani jamaa niliyekuja naye kanishikilia: mwanafunzi mwenye kiwewe cha mtihani mpe mchaichai, eti una theanini, atatulia. Jamani! Theanini ilipatikana Japani mwaka 1949 kwenye majani ya chai yenyewe, mmea ule unaolimwa Mufindi na Lushoto. Mchaichai ni nyasi. Majina yanafanana tu, ukoo mbalimbali.

Na hata hiyo chai ya kweli, tupige hesabu. Wanaopima utulivu mara nyingi hutoa miligramu 200 kwa mkupuo. Kikombe cha chai ya rangi kwa kawaida hakifiki 50, na kafeini juu yake. Ukivifukuzia vikombe mpaka 200, usiku hulali! Majaribio yenyewe ni ya watu wachache, wengine walipata nafuu, wengine wapi.

Sisemi msinywe. Bibi wa hapa ninapokaa akinipa kikombe cha mchaichai na boflo, roho yangu hutulia kweli. Lakini kinachonituliza ni kule kuulizwa, "Umeshindaje mwanangu?"

Sasa kuna binti wa kidato cha nne ninayemsomesha tuisheni, mkono unamtetemeka akishika kalamu. Sisi tunamtupia kikombe, tunarudi kusahihisha madaftari. Hakuna aliyemuuliza anaogopa nini, mimi nikiwemo. Hilo ndilo linaloniuma.

Chai mpeni. Ila kaeni naye mpaka aimalize.