Karata si Bahati

Vijana wa hapa Matembwe hunijia jioni, ukungu ukiwa umekwisha kushuka, wakaniuliza swali lile lile: "Shikamoo Mwalimu. Siri ya kushinda albastini ni nini?" Wanatarajia niwafundishe ujanja wa vidole, au niwaelekeze kwa mganga. Mimi huwajibu: leteni daftari.

Naam, daftari. Wapo wasemao karata ni bahati tupu. Wapo wengine, nami nilikuwa miongoni mwao, wasemao ni uhuni mtupu. Nilipokuwa mwalimu mkuu nilichoma moto karata za wanafunzi na kuwachapa viboko. Leo nakiri kwamba nilichoma kitabu cha hesabu.

Hebu tuhesabu. Ree ni pointi 11, saba 10, mfalme 4, ghulamu 3, bibi 2. Kila aina ina pointi 30, na aina ni nne: kopa, uru, shupaza na pau, majina tuliyoachiwa na Wareno. Jumla ni 120. Wanaofikisha 61 wameshinda, ndiyo maana Waunguja huuita mchezo huu wahedi wa sitini. Mgawo ni bahati, sikatai. Lakini ajuaye turufu ngapi zimetoka na pointi ngapi zimebaki, huyo anacheza kwa akili yake.

Masharti yangu ni haya. Kwanza, andika ulivyoshindwa. Ushindi haukuonyeshi kosa lako. Pili, keti nyuma ya anayekuzidi, funga mdomo, ukisie moyoni karata atakayotupa. Ukikosea, jiulize kwa nini. Tatu, usimlaumu mwenzako wa upande wako kabla hujataja kosa lako wewe. Nne, hasira ikipanda, inuka. Mshahara wangu wa kwanza, nilipotoka chuo cha ualimu, uliishia mkekani usiku mmoja kwa sababu sikuinuka. Mama yangu alikuwa akisubiri blanketi. Nikamrudia na maneno matupu, na baridi ya Njombe mnaijua.

Hapo ndipo ulipo ugomvi wangu. Nendeni Makambako mkawaone vijana wanaotumbukiza sarafu za shilingi 200 katika mashine. Najua ipo sheria tangu 2003, na ipo Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Sibishani na leseni ya mtu. Nabishana na kijana anayeniambia anajifunza. Anajifunza nini? Mashine imepangwa ili mwenye mashine apate faida, na mchezaji wa mara ya elfu hana umahiri wowote kuliko wa mara ya kwanza. Huko ni kulipa karo katika shule isiyo na mwalimu.

Wazee walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Basi njooni tushindane. Karata ninazo, na chai ipo. Daftari njooni nalo. Sarafu ziacheni nyumbani kwa mama zenu.