Kabla ya kuleta kompyuta, tupange kwanza kazi ya bandari

Leo ninataka tuongelee bandari yetu na karatasi zake.

Hapa kwetu kazi ya ofisi ikikwama, jibu ni lilelile: "Ngojeni, kompyuta zitakuja." Kwa maoni yangu jibu hilo linaanzia mwisho. Kompyuta inaharakisha kazi inayoikuta. Ikikuta kazi imepangwa vizuri, watu watashukuru. Ikikuta fujo, itaharakisha fujo.

Reli kutoka Kabalo ilifika hapa mwaka 1915, wakati mji ulikuwa ukiitwa Albertville. Kusudi lilikuwa wazi: mizigo ipite upesi kati ya ziwa na mto Lualaba. Hata leo bandari haina kusudi lingine. Mzigo ushuke, ulipiwe kodi inayostahili, kisha uende sokoni au upande treni. Mashua zinatoka Kigoma, Bujumbura, Uvira, Moba, hata Mpulungu kule Zambia. Na tangu mwaka 2015, Kalemie ikiwa makao makuu ya jimbo la Tanganyika, ofisi zimeongezeka mjini.

Tuseme mama mmoja analeta magunia ya mchele toka Kigoma. Jina lake na hesabu ya magunia viko kwenye karatasi ya mashua. Duane nayo inahitaji habari hizo. OCC inayochunguza ubora wa bidhaa inazihitaji. DGM inaandika jina na hati ya safari. Watu wa afya ya mipaka wana buku lao. Shirika la reli SNCC, ambalo ndilo linashika bandari, linataka kujua kinachoingia depo. Kila ofisi ikiwa na buku lake, habari ileile itaandikwa mara tano au sita, na mikono tofauti. Huku itasomeka magunia 40, kule 42. Hapo ubishi unaanza. Ubishi una bei yake, na anayeilipa mwishoni ni mtu anayenunua mchele kwa kopo sokoni.

Sasa leta kompyuta tano, moja kwa kila buku. Tumepata nini? Mabuku matano yanayotumia umeme.

Kuna elimu inayoshughulikia jambo hili, nayo inaitwa uhandisi wa shirika. Maana yake ni kulichora shirika lote, kazi zake na habari zake, kama fundi anavyochora nyumba mbele ya kuagiza matofali. Mwaka 1987 John Zachman, aliyekuwa akifanya kazi kwa kampuni ya IBM, alitoa makala iliyoeneza wazo hilo. Baadaye mchoro wake ulisimama juu ya maswali sita ambayo sisi waandishi wa habari tunafundishwa siku za kwanza: nini, namna gani, wapi, nani, lini, na kwa sababu gani. Swali la mwisho ndilo linalopaswa kuongoza mengine. Habari zikusanywe kwa kutumikia kusudi la shirika, si kwa kuwa karani wa zamani alizoea kuzikusanya.

Mfano unaojulikana sana ni wa kampuni ya magari Ford, uliosimuliwa na Michael Hammer mwaka 1990. Ofisi yake ya kuwalipa wauzaji wa vipuri, kule Amerika ya Kaskazini, ilikuwa na watu zaidi ya 500. Wakubwa walitumaini kwamba mitambo mipya ingepunguza watu kama 100. Kisha wakaangalia kampuni ya Mazda na kukuta watu 5 tu kwa kazi hiyo. Hata ukihesabu kwamba Mazda ni ndogo, tofauti ilitisha. Kumbe makarani wa Ford walikuwa wakilinganisha karatasi tatu, yaani ya kuagiza, ya kupokea na ya kudai malipo, na zisipopatana kazi inasimama. Ford haikununua mashine ya kulinganisha karatasi haraka zaidi. Iliondoa karatasi ya tatu. Agizo liliandikwa mahali pamoja, mpokea mzigo akatazama humo, vikipatana malipo yanatoka. Watu wa ofisi ile walipungua kwa robo tatu.

Turudi bandarini. Swali la "nani" serikali yetu ilikwisha kulijibu. Amri ya tarehe 28 Machi 2002 ilitaja huduma nne tu zinazoruhusiwa kufanya kazi mipakani: DGM, OCC, huduma ya afya, na OFIDA, ambayo mwaka 2009 nafasi yake ilichukuliwa na DGDA. Nne! Amri hiyo imekumbushwa mara nyingi, na kila anayevuka mipaka ya nchi yetu anajua kwa nini inabidi ikumbushwe. Mwaka 2015 serikali ikaanzisha pia dirisha moja la biashara ya nje, kusudi mfanyabiashara apeleke hati zake mara moja, na kila huduma izitazame humo. Ni wazo zuri. Lakini dirisha moja lenye milango kumi nyuma yake ni mlango wa kumi na moja.

Jirani zetu wametangulia. Kenya iliunda shirika la KenTrade mwaka 2011 kwa kazi hiyohiyo, na mtambo wake ukaanza mwaka 2013. Nasi tuliingia katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka 2022. Mzigo uliokwisha kuandikwa vizuri Kigoma hauna sababu ya kuandikwa upya toka mwanzo unapofika ng'ambo hii ya ziwa.

Ninajua watu watanijibu nini. Wa kwanza atasema: "Wewe unataka vijana wapoteze kazi." Jambo hilo si dogo. Yule aliye nyuma ya buku la nne au la saba ana watoto nyumbani, na pengine mshahara haumfikii vizuri. Lakini kumlisha kwa njia ya mama wa magunia ni kodi isiyo na sheria. Anayestahili kuwa bandarini alipwe na serikali mshahara unaotosha, na anayezidi apewe kazi nyingine. Wa pili atasema shida ni rushwa, si mpango. Ninamjibu kwamba rushwa inapenda mahali ambapo hakuna anayejua hatua ya mwisho ni ipi. Hatua zikiwa chache, na bei zikiwa zimeandikwa ukutani, hata mtu asiyejua Kifaransa anaweza kuuliza kitansi chake.

Kwa hiyo ninaomba wakuu wa jimbo na wa bandari, mbele ya kutumia dola moja kwa mitambo, wafanye mambo manne. Watangaze kusudi kwa namna ya kupimika: mzigo mdogo utoke bandarini ndani ya saa ngapi? Wafuate gunia moja toka mashua mpaka getini, waandike kila meza linakosimama. Wafute kila meza ambayo sheria haiitambui. Kisha waseme nani ataandika habari mara moja kwa niaba ya wote, na kazi itaendeleaje umeme wa Bendera ukikatika.

Wachuuzi na wenye mashua wawe ndani ya mkutano huo. Wao wanajua njia ya gunia kuliko mtaalamu yeyote atakayeshuka na ndege. Kazi hiyo inahitaji daftari, kalamu na siku chache za kutembea bandarini. Ikiisha, tutajua kompyuta ngapi zinahitajika, na pengine zitakuwa chache kuliko tulivyofikiri.