Kufuta siyo kuficha!

Huku Iringa baridi inang'ata, ila hapa chuo kuna ubishi wa moto. Jamaa wanaotengeneza programu za simu wanasema kufuta folda ni mstari mmoja tu, eti tusiwasumbue. Mimi nakataa: SIYO KWELI!

Twende taratibu. Kwenye Android, ukitumia delete() ya Java kwenye folda yenye vitu ndani, haifuti kitu. Inajibu false, kimyaaa, basi. Fundi asiyesoma jibu anakuandikia "Imefutwa" na wewe unaamini. Kumbe picha za wanafunzi na alama zao ulizohifadhi wakati wa mazoezi ya kufundisha bado zimo. Kesho unauza simu Mwanjelwa kule Mbeya bila kuisafisha yote, umeuza na siri za watoto wa watu. Na tangu Mei 1, 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwa hiyo hili si suala la utani.

Njia sahihi ni kama kurudisha chumba cha hosteli: unatoa madaftari kwenye boksi, boksi kwenye kabati, kabati likiwa tupu ndiyo unakabidhi ufunguo. Ya ndani kabisa kwanza, folda mama mwisho. Kotlin wanayo deleteRecursively inayofanya hivyo, lakini nayo ikikwama katikati inajibu false huku nusu imeshafutika. Someni jibu jamani!

Wengine wanasema, si mtumiaji aende kwenye mipangilio afute data yote? Acheni hizo! Nataka kutupa folda ya muhula uliopita, wewe unanichomea na maandalio ya kesho?

Kuzidisha nako ni balaa. Januari 2015 iligundulika kwamba skripti ya Steam kwenye Linux, jina la folda likija tupu, ilianza kufuta kuanzia mzizi wa mfumo, na mafaili ya watumiaji yakateketea. Hakuna aliyekagua anwani kabla ya kufuta.

Sasa sisi walimu watarajiwa, tukienda kufundisha kompyuta, tusiwape watoto mistari ya kukariri. Tuwafundishe mambo matatu: kagua anwani, anza ndani, soma jibu.

Naomba kutoa hoja. Mnaobisha, uwanja ni wenu!