Kuflashi simu ni haki ya mwenye simu

Leo tuongee kuhusu kuflashi simu. Hapa Garissa, Kisomali hakisumbui kwenye simu, kwani tangu 1972 kinaandikwa kwa herufi za Kilatini. Shida ilikuwa Kiarabu, kile tunachosoma madrasa. Android 2.2, iliyokuwa ndani ya IDEOS za Huawei zilizouzwa sana Kenya mwaka 2011, haikujua kuunganisha herufi zake. Wasomaji wa Kiebrania nao walitaabika, maana nacho huandikwa kutoka kulia.

Google walipanga skrini nzima kuanzia kulia kwenye toleo la 4.2, mwaka 2012. Lakini watu wa kujitolea wa CyanogenMod walitangulia: toleo lao la 7, la 2011, lilionyesha maandishi hayo. Waliweza kwa sababu kodi ya Android iko wazi.

CyanogenMod ilifungwa 2016, LineageOS ikapokea kijiti. Leo watengenezaji wengi wanafunga simu isikubali mfumo mwingine. Napinga. Ndiyo, ukikosea simu inaweza kufa, na waranti ikapotea. Hifadhi data zako kwanza. Ila hatari hiyo aiamue aliyetoa pesa yake, si kiwanda. Kabla ya kununua, uliza: mfumo wake unabadilishika?